Mboni na Somo Yake

Wanawake wanaouza samaki wa kukaanga pale Somanga, mabasi ya kusini yanaposimama, karibu wote hunadi. Mboni hanadi. Hukaa nyuma ya karai lake akageuza samaki, akamsubiri mteja amfuate. Wageni humdhania ana maringo. Wenzake wa karibu wanajua kwamba huyu zamani alikuwa na sauti ya kusimamisha mkutano mzima, na wanajua pia kwamba hapendi kuulizwa imekwenda wapi.

Kwao ni Mitondooni, kata ya ndani, ukiiacha lami pale Tingi na kufuata njia ya mashamba ya mikorosho. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake mzaa mama. Alipofikia umri wa kuchezwa unyago, bibi alitafuta sana mtu wa kumfunda, maana kwa watu wa huko somo si mwalimu wa siku chache. Ukishakabidhiwa kwake ni wake, mpaka mmoja wenu azikwe. Ndiye unayempelekea lile usiloweza kumwambia mama wala mume. Bibi akamchagua Bi Shamimu, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, aliyekuwa akifundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya pale kijijini.

Mboni hakuwahi kuwa na mtu wa namna ile. Siku walipotolewa nje wanawali, wamepakwa mafuta na kufungwa kanga mpya, wenzake walikuwa wakitafuta mama zao kwa macho. Yeye alihisi kiganja cha Bi Shamimu mgongoni mwake, kimetulia pale pale mpaka ngoma ikaisha. Tangu siku hiyo akawa anamwita "somo", na Bi Shamimu akamwita "mwali wangu", hata Mboni alipokwisha kuolewa na Iddi, fundi wa kujenga nyumba, na kuzaa watoto wawili.

Bi Shamimu alipotangaza kugombea udiwani, wapo waliotabasamu wakiuficha mdomo. Kata ile haikuwahi kuongozwa na mwanamke. Lakini alikuwa amefundisha nusu ya wapiga kura kusoma, na alikuwa amewafunda binti zao wengi. Aliunda kikundi cha hamasa cha wanawake, akamweka Mboni mbele kuwa mtoa nyimbo.

Miezi ile ndiyo Mboni anayoikumbuka mpaka leo kwa namna inayomkosesha raha. Walipanda lori la kukodi asubuhi, wamevaa kanga za sare, vumbi jekundu likiwajaa kwenye nyusi. Wakikaribia kijiji, Mboni huanza peke yake, bila ngoma, mstari mmoja tu alioutunga mwenyewe kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kimatumbi. Wenzake humwachia mpaka amalize, kisha huitikia kwa pamoja, na watu hutoka majumbani, wengine na mwiko mkononi. Kabla ya kupanda jukwaani, Bi Shamimu alikuwa na desturi ya kumsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini, "Nifungulie mlango, mwali wangu." Mboni akaimba, mkutano ukanyamaza, Bi Shamimu akapanda. Siku moja mzee mmoja wa kijiji cha jirani alisema wazi kwamba yeye kura yake anampa yule anayeimba, kama inawezekana. Walicheka njia nzima ya kurudi.

Aliyekuwa akiendesha shughuli zote hizo ni Alfani, katibu wa chama wa kata. Alikuwa amefundisha shule moja na Bi Shamimu miaka mingi, na ndiye aliyemshawishi agombee. Alijua nani ashikwe mkono, nani apelekewe salamu, kijiji gani kinataka kisima na kipi kinataka barabara. Bi Shamimu hakuwa akipiga hatua bila kumwuliza.

Alfani alianza na maneno. Alimwambia Mboni kwamba sauti kama ile haimfai fundi wa tofali. Mboni akapuuza, wanaume wa kwenye kampeni wana midomo. Kisha akawa anamwita stoo ya ofisi ya chama, zilikokuwa fulana na kanga za sare, kila mara akiwa peke yake. Siku moja aliufunga mlango kwa mgongo wake, akamshika, akamwambia hakuna mwanamke anayepanda lile lori bila idhini yake. Mboni alimng'ata mkono, akatoka. Jioni ile ile aliimba katika kitongoji cha pili, na alipofika kwenye mstari wa mwisho sauti ilimkatika. Watu wakadhani ni uchovu.

Akaenda kwa Bi Shamimu. Hakuwaza kwenda kwingine. Alimweleza yote, hata lile la kung'ata, na Bi Shamimu alimsikiliza bila kumkatiza, akamshika mikono yote miwili.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Hili niachie mimi. Uchaguzi upite tu, maana sasa hivi nikimgusa yule, nyumba yote itaanguka."

Mboni alirudi kwake akiwa mwepesi. Alikuwa amelipeleka panapostahili. Aliendelea kuimba, akihakikisha haingii stoo bila mwenzake, na Bi Shamimu akashinda.

Baada ya kuapishwa kwake, wiki zikapita, na Alfani alikuwa pale pale, sasa akimwendea diwani ofisini bila kubisha hodi. Akaanza tena, safari hii kwa kumtumia watu. Mboni akarudi kwa somo yake mara ya pili. Alimkuta amebadilika kidogo, ana simu mbili, ana wageni barazani. Waliingia chumbani.

"Nilimwuliza," Bi Shamimu alisema. "Amekana. Sasa nifanyeje, Mboni? Huyu ndiye aliyenibeba."

"Mimi nilikwambia alichonifanyia, somo."

"Najua. Nawe pia jitahidi usiwe karibu karibu na wanaume. Wewe ni mke wa mtu."

Mboni alimtazama. Maneno hayo angeambiwa na mwingine yeyote angeyajibu. Akaaga kwa adabu, akaondoka. Mkutano uliofuata, mtoa nyimbo alikuwa mwanamke mwingine, Romana, na Mboni akapangwa safu ya nyuma. Hakuna aliyemweleza sababu. Baada ya hapo hakwenda tena, wala hakuna aliyekuja kumwuliza kwa nini haji.

Mwaka uliofuata Iddi alipata kazi ya kujenga maduka Somanga, wakahama. Mboni akanunua karai.

Huko ndiko alikojua kwamba mtu anaweza kumkumbuka mwingine huku amemkasirikia. Gari la Bi Shamimu lilikuwa likipita kwenda vikao vya kaskazini, na Mboni alilijua kwa mbali. Akiliona huvuta kanga mpaka kwenye paji la uso, asionekane. Likishapita bila kusimama, hujikuta moyo umemshuka, kana kwamba alikuwa amelialika. Kuna harufu fulani ya udi aliokuwa akifukizia Bi Shamimu nguo zake. Ikitokea abiria mwanamke akainama kuchagua samaki akiwa na harufu ile, Mboni hupoteza hesabu ya kile alichokuwa akifanya. Binti yake mkubwa, Hamida, alipofikia umri wa kuchezwa, alitakiwa somo, na Mboni akazungushazungusha mambo mpaka shangazi wa mtoto akakasirika na kumtafuta somo mwenyewe. Mboni alikuwa na mtu mmoja tu moyoni wa kumkabidhi mwanawe, na huyo hakuweza kumwendea.

Nyimbo nazo hazikumwacha. Zilimjia akiwa kwenye moto, mistari mizima yenye maneno yake, akaitafuna kimya kimya mpaka ikapotea.

Mambo yakakaa hivyo mpaka uchaguzi mwingine ulipokaribia. Wakati huo Alfani hakuwa tena katibu wa Mitondooni. Alikuwa amepanda, amehamia ngazi ya wilaya. Ndipo binti mmoja aitwaye Grace, afisa maendeleo ya jamii aliyepangiwa kata ile akitokea Masasi, akajitokeza kusema kwamba Alfani alimsumbua tangu alipofika, kabla Alfani hajahamia wilayani na hata baada ya hapo, na kwamba alipokwenda kumweleza diwani aliambiwa avumilie, maana mtu mwenyewe anahama. Grace hakuwa na somo Mitondooni wala jamaa. Alikwenda moja kwa moja kwa wakubwa wake. Habari ikavuja, na swali lililokuwa midomoni mwa watu halikuwa tena la Alfani tu. Walikuwa wakiuliza: diwani alijua nini, na alijua tangu lini?

Bi Shamimu akaitisha mkutano wa hadhara. Redio moja ya huku kusini ikautangaza. Mboni alikuwa kwenye karai lake, na jirani yake Abilahi, mwenye duka la vocha na soda, alikuwa amefungulia redio kwa sauti kubwa kama kawaida yake. Kwanza alisikia wimbo. Ulikuwa wimbo wake, ule wa kuingilia kijijini, ukiimbwa na Romana, na neno moja la Kimatumbi limekosewa. Kisha akaisikia sauti aliyokuwa hajaisikia kwa miaka.

"Ndugu zangu, mimi nimewafunda binti wa kata hii," Bi Shamimu alikuwa akisema. "Hakuna mwanamke wa Mitondooni aliyewahi kuja kwangu na malalamiko juu ya ndugu Alfani. Angekuja, mimi ningekaa kimya?"

Watu wakapiga makofi. Mboni alisikia harufu, akatazama chini, akaona samaki wote wa karai wameungua.

Siku chache baadaye gari lile likasimama. Ilikuwa mchana, jua kali. Bi Shamimu alishuka peke yake, amejitanda ushungi wa kijivu, akamwambia dereva amsubiri mbele. Alikuwa amezeeka. Mboni hakuwa amefikiria hilo. Katika mawazo yake alikuwa amebaki vile vile.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwali wangu. Hujambo?"

Neno lile lilimpata Mboni mahali asipokuwa amepalinda. Alimkaribisha nyumbani kwake, hatua chache kutoka barabarani, akamtandikia mkeka, akamletea maji. Walizungumza habari za watoto, za Iddi, za bibi aliyekwisha kufariki. Bi Shamimu alisema Romana anajitahidi, ila watu wanauliza, yule wa mwanzo yuko wapi?

"Rudi uimbe," akasema. "Lori litakuja kukuchukua hapa hapa. Utakaa na mimi nyumbani mpaka kampeni ziishe. Nimekukosa, Mboni."

Mboni aliinamisha kichwa. Kwa miaka yote aliyokaa Somanga, kama angeulizwa anataka nini duniani, angejibu haya haya aliyoambiwa, kwa mpangilio huu huu: lori, nyumba ile, na mwisho kabisa hilo la kukoswa.

"Na yale niliyokuja kukueleza?" akauliza.

"Yale yamepita."

"Uliyasikia lakini?"

"Niliyasikia. Ningeachaje kuyasikia?"

"Redioni umesema hakuna aliyekuja."

Bi Shamimu alikunywa maji, akakiweka kikombe chini taratibu. "Redioni nilikuwa nasema na watu. Hapa nasema na mwali wangu. Maadui zangu wanatafuta pa kunishika. Wakija kukuuliza, wewe una haki ya kutojibu. Sikuombi zaidi ya hapo."

Mboni alisema atazungumza na mumewe. Alimsindikiza mpaka kwenye gari, na Bi Shamimu, kabla ya kupanda, akamweka mkono mgongoni.

Iddi aliporudi kutoka kazini alimkuta amekaa tu, moto hajawasha. Mboni alimwambia yote kwa mara ya kwanza, kuanzia stoo. Iddi alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa kwenye kizingiti na kuanza kukwangua udongo uliokaukia kwenye vidole vyake.

"Kwa hiyo ndiyo sababu uliacha kuimba," alisema hatimaye.

"Ulidhani kwa nini?"

"Nilidhani ni mimi. Niliwahi kusema mke wangu anashinda kwenye lori. Nilikuwa natania. Wewe ukaacha baada ya pale, nikasema nimemvunja moyo mwenzangu kwa mzaha. Nikaona haya kukuuliza."

Mboni akamletea maji ya kunawa. Kisha Iddi akauliza, "Sasa unataka nini?"

"Nataka kurudi kwake," Mboni alisema, na machozi yakamtoka. "Hilo ndilo ninalotaka. Lakini yule binti wa Masasi wanamwita mwongo, na mimi najua si mwongo."

Iddi hakumshauri. Alisema tu kwamba lolote atakaloamua, watakwenda pamoja.

Kamati ya maadili ya chama ilikaa Kilwa Masoko kusikiliza shauri hilo, na Mboni akaenda na Iddi kutoa ushahidi. Grace alitoa maelezo yake, akatoka nje kukaa kwenye benchi. Alikuwa mdogo kuliko Mboni alivyomdhania, na alikuwa akikunja na kukunjua leso. Mboni alimwamkia, akamwambia jina lake na anakotoka, akamwambia, "Na mimi pia." Grace alimtazama, akajisogeza ampishe nafasi.

Mboni alipoitwa ndani aliwakuta wajumbe watano mezani, Alfani upande mmoja, Bi Shamimu upande wa pili. Alfani alikuwa na mwanasheria. Mboni alieleza ya stoo. Kisha mwenyekiti akamwuliza kama aliwahi kumwambia kiongozi yeyote.

"Nilimwambia Bi Shamimu. Mara mbili."

"Na kwa nini hukwenda polisi?" mjumbe mmoja mwanamume akadakia. "Au kwa mumeo?"

"Nilikwenda kwa somo yangu," Mboni alisema. "Sisi wa kule, mwanamke akipatwa na jambo, ndiko anakoanzia. Nami sikuona kwamba pana mahali pakubwa zaidi."

Mjumbe mmoja mwanamke, mtu mzima wa upande wa Kinjumbi, aliteremsha miwani na kuifuta kwa pembe ya mtandio. Mwenyekiti akamgeukia Bi Shamimu, akamwuliza kama ni kweli.

Mboni alimtazama somo yake usoni. Hakutamani kumwona akianguka. Laiti angejua njia ya kumwomba bila wengine kusikia, angemwomba aseme ndiyo tu, aliniambia nikakosea, na yeye Mboni angetoka pale na kwenda naye kokote. Bi Shamimu alikuwa ameitazama meza.

"Sikumbuki," alisema. "Huenda alisema jambo, watu wengi huja kwangu. Sikumbuki."

Mboni aliomba ruhusa kutoka. Alipofika nje Iddi akamshika kiwiko.

Uamuzi ulitolewa baada ya wiki kadhaa. Alfani akavuliwa nafasi yake, na shauri lake likapelekwa mbele kwa vyombo vya sheria, ambako bado linaendelea. Bi Shamimu alipewa onyo kwa kutochukua hatua juu ya malalamiko yaliyofikishwa kwake, na jina lake halikurudi kugombea. Kata ikapata diwani mwingine, mwanamume, asiye na kikundi cha kuimba. Grace aliomba uhamisho. Siku ya kuondoka basi lake lilisimama Somanga, akashuka na kumkumbatia Mboni mbele ya abiria wote, akasahau hata kununua samaki.

Mitondooni watu waligawanyika. Wapo waliomtumia Mboni salamu za pongezi, na wapo wanawake wa kikundi, waliokula naye vumbi moja, ambao hata leo wakishuka pale Somanga hununua samaki kwa mwenzake. Wanasema amemwuza aliyemfunda. Wakati mwingine Mboni naye hujiambia hivyo hivyo, kisha hukumbuka lile neno "sikumbuki" na kunyamaza.

Mwezi wa mavuno ya ufuta shangazi yake Iddi alifariki Mitondooni, wakaenda msibani. Mboni aliingia uani kwenye wanawake, na watu wakapunguza sauti. Bi Shamimu alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni, na ungo wa mchele mapajani. Hakuna aliyekuwa karibu naye sana. Ukubwa ukiondoka, na mkeka hupata nafasi. Mboni alisimama kidogo, halafu akaenda.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba." Akatikisa ungo. "Poleni na msiba."

"Tumeshapoa."

Bi Shamimu akasogeza magoti, akauweka ungo katikati yao. Wakachambua mchele pamoja, mawe madogo wakiyatupia upande. Mboni alingoja. Alikuwa amejiambia njia nzima kwamba hangoji kitu, lakini alikuwa akingoja, neno moja tu, hata kama lingesemwa kwa kuzunguka. Bi Shamimu alizungumzia magoti yake, kwamba siku hizi hawezi kusujudu vizuri na amepelekewa kiti msikitini. Alizungumzia mikorosho iliyopukutisha maua. Akauliza Hamida amefundwa na nani, Mboni akamtajia, akatikisa kichwa na kusema ni mtu mzuri yule.

"Nilitaka awe wako," Mboni alisema.

Mkono wa Bi Shamimu ulisimama juu ya mchele. Ulikaa pale, umetulia. Kisha akaokota kijiwe, akakitazama, akakitupa. "Maji yamechemka," akasema. "Wapelekee mchele."

Mboni akanyanyua ungo. Alitembea kuelekea jikoni kati ya wanawake waliokuwa wakimpisha njia, na ingawa walikuwa wamekaa goti kwa goti muda wote ule, alimkumbuka somo yake kama alivyomkumbuka kila siku kule barabarani, wala hamu hiyo haikupungua.